Walitumwa Kufagia Mabomu na Meli za Samaki, Kisha Wakaitwa Waoga

Kuna maneno ambayo mkubwa akishayaandika kwa ripoti, hata ufanye nini hayafutiki. "Mwoga" ni mojawapo. Machi 1915, kundi la wavuvi kutoka Uingereza lilibandikwa hilo neno kwenye mlangobahari wa Dardanelles, huko Uturuki. Zaidi ya miaka 100 baadaye, ukisoma kuhusu vita hivyo bado unakutana na kasentensi kamoja kanakosema wavuvi waliletwa kusafisha mabomu, wakaogopa, wakarudi. Kisha mwandishi anaruka kwa maadmirali na mawaziri kama vile hakuna kitu kimetokea.

Hako kasentensi kananikera. Kwa hivyo leo, wasee, tunakaa hapo hapo ambapo wengine huruka. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: hawa watu hawakushindwa kwa sababu ya moyo. Walipewa kazi ambayo hesabu yake ilikuwa imekataa kutoka siku ya kwanza, na waliowatuma walikuwa na hizo hesabu mkononi.

Bomu linalongoja

Tuanze na bomu lenyewe, maana bila kulielewa hii stori haiingii.

Bomu la baharini la enzi hizo lilikuwa la kutegwa. Chora hivi kichwani: mtungi mkubwa wa chuma, wa mviringo, umejazwa baruti kali lakini ndani umeachiwa hewa ya kutosha kuufanya uelee. Umefungwa kwa kamba ya chuma, na hiyo kamba imefungwa kwa nanga nzito iliyokaa sakafuni mwa bahari. Mtungi unataka kupanda, nanga inaukataza. Unabaki umening'inia mita chache chini ya maji, mahali jicho halifiki lakini tumbo la meli linafika. Mwilini umeota pembe. Meli ikigusa pembe moja, pembe inapinda, kichupa cha kioo ndani yake kinapasuka, asidi inamwagika, umeme unatokea, na kwisha maneno.

Ubaya wa hii silaha ni bei. Manowari kubwa ilichukua miaka kujenga na ilibeba mamia ya watu. Bomu lilikuwa rahisi sana ukilinganisha, na halikuhitaji mtu wa kulilinda. Mwaka 1904, Urusi na Japani zikipigana, manowari ya Urusi iliyoitwa Petropavlovsk iligonga bomu nje ya Port Arthur ikazama pamoja na Admirali Makarov, kamanda mwenyewe. Mwezi uliofuata Wajapani nao wakapoteza manowari mbili kwa siku moja, Hatsuse na Yashima. Vyuma vya fahari, vyote vimelazwa na mitungi.

Waingereza waliona hayo wakashtuka. Walikuwa na jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani, lakini meli za kusafisha mabomu hawakuwa nazo za kutosha. Mwaka 1907 Admirali Charles Beresford akaja na wazo ambalo, tuseme ukweli, lilikuwa la akili: ni nani tayari anajua kukokota nyaya za chuma chini ya bahari, usiku na mchana, hata mawimbi yakiwa juu? Wavuvi wa trola. Mwaka 1908 wakajaribu na trola mbili kutoka bandari ya Grimsby, Andes na Algoma. Zikaweza. Miaka miwili hivi baadaye wakaanza kuandikisha wavuvi kwenye kikosi maalum cha akiba. Maana yake ilikuwa, endeleeni na samaki wenu, lakini vita vikija tutawaita.

Trola inageuzwa

Kama umelelewa Pwani, trola unaijua. Ni ile meli ya uvuvi inayokokota wavu kama mfuko mkubwa nyuma yake. Wavuvi wadogo wa Kipini na Ghuba ya Ungwana wamegombana nazo miaka mingi kuhusu kamba, wale wa kula. Za Uingereza wakati huo zilikuwa za mvuke, za kuchoma makaa ya mawe, zimejengwa kwa bahari chafu ya kaskazini. Zilikuwa imara sana. Kasi ndiyo hazikuwa nayo, na hilo likumbuke.

Kuigeuza trola kuwa meli ya kufagia mabomu haikuwa kazi kubwa, na hapo ndipo ilipowapendeza wakubwa. Ilipakwa rangi ya kijivu na kupewa namba. Mzinga mdogo ukafungwa mbele. Stoo iliyokuwa ya samaki na barafu ikasafishwa, ikawa mahali pa mabaharia kulala. Winchi ya kuvuta wavu ikaachwa palepale, maana sasa ingevuta waya wa kufagia. Hata nahodha aliachwa. Yule aliyekuwa akitafuta samaki kwa ajili ya tajiri wa Grimsby sasa alikuwa na cheo cha kijeshi, na wale vijana wake wa sitaha wakawa mabaharia wa akiba.

Kazi yenyewe ilihitaji meli mbili. Zinatembea sambamba, zimeachana mamia ya mita, na katikati yao kuna waya mrefu wa chuma unaokokotwa chini ya maji. Ili waya usipande juu, kila meli ilishusha kifaa kizito cha mbao na chuma walichokiita tiara, kama ile ya watoto kurusha, ila hii inapaa kwenda chini. Waya ukinasa kamba ya bomu, unaivuta mpaka inakatika au bomu linakokotwa hadi maji mafupi. Likielea juu, mtu analipiga risasi kwa bunduki kutoka mbali.

Sasa jiulize: hizo meli mbili zinazosafisha njia, nani amezisafishia zenyewe? Hakuna. Unafagia shamba la mabomu huku umesimama ndani yake.

Na hiyo kazi waliifanya. Tarehe 16 Desemba 1914 meli za Ujerumani zilishambulia miji ya pwani ya mashariki ya Uingereza, na moja yao, Kolberg, ikatega mabomu nje ya Scarborough. Siku tatu baadaye trola ziliingia kufagia na mabomu yakaanza kulipuka mfululizo, moja baada ya jingine, ndani ya dakika chache. Trola Orianda ilizama. Nyingine zikatobolewa. Wenzao waliendelea kufagia siku hiyo na wiki zilizofuata, katikati ya baridi ya Desemba, kwa sababu meli za chakula na makaa zilihitaji kupita. Hakuna aliyewaita waoga. Walisifiwa.

Shika hilo, tutalirudia.

Mlango wenye kufuli mbili

Dardanelles ni njia nyembamba ya maji, kama kilomita 60 kwa urefu, inayotoka Bahari ya Aegean kuelekea Istanbul na Bahari Nyeusi. Mahali pembamba kabisa ni zaidi kidogo ya kilomita moja. Likoni ni pembamba zaidi, lakini itumie Likoni upate picha: meli inapita, na kila upande kuna mlima wenye mizinga inayokutazama.

Mwanzoni mwa 1915 Winston Churchill, waziri aliyesimamia jeshi la majini la Uingereza, alisukuma mpango wa kupita hapo kwa manowari. Pitia katikati, fika Istanbul, itoe Milki ya Ottoman vitani, fungua njia ya kupeleka silaha Urusi. Kwenye karatasi ilikuwa safi.

Kwa ground, Waturuki na washauri wao Wajerumani walikuwa wametega mistari kadhaa ya mabomu kukata njia, mamia ya mabomu kwa jumla. Kisha wakaweka mizinga kandokando mahususi ya kulinda yale mabomu. Mingine ilikuwa ya kuhamishwahamishwa, leo iko nyuma ya kilima hiki, kesho kile. Usiku wakawasha taa kubwa za kumulika maji.

Ukiangalia vizuri utaona mtego. Manowari haziwezi kusogea karibu zikavunje ile mizinga mpaka mabomu yaondolewe. Mabomu hayawezi kuondolewa mpaka ile mizinga inyamazishwe. Kufuli mbili, na kila moja ina ufunguo wa mwenzake.

Katikati ya kufuli hizo, wakaweka wavuvi.

Hesabu iliyokataa

Hapa ndipo naomba umakini, kwa sababu hakuna haja ya siasa. Ni hesabu ya darasa la sita.

Mkondo wa Dardanelles unatiririka kutoka Bahari Nyeusi kuja Aegean, yaani unawajia usoni wanaoingia. Trola ikikokota waya na tiara haikimbii, inajikokota. Toa kasi ya mkondo unaokuja, na kilichobaki ni kama maili mbili au tatu kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka kutoka stendi kwenda nyumbani. Sasa tembea hivyo usiku, taa kubwa zimekumulika, mizinga ya pande zote mbili inakulenga, na meli yako ni ya samaki, haina chuma cha kukukinga.

Kuna jingine. Trola zilikuwa na tumbo refu chini ya maji. Mabomu mengine yalikuwa yametegwa kwa kina ambacho trola yenyewe ingeyagusa kabla waya wake haujayafikia. Kwa Kiswahili rahisi, fagio lilikuwa refu vizuri lakini aliyelishika alikuwa anakanyaga kwanza.

Kwa hivyo wakabadilisha mbinu. Kama kupanda dhidi ya mkondo hakuwezekani, basi pita juu ya shamba la mabomu gizani mpaka mwisho wake, geuka, kisha fagia ukirudi na mkondo ukikusukuma. Soma tena hiyo sentensi. Mpango ulikuwa kwanza upite JUU ya mabomu.

Usiku wa tarehe 10 Machi wakajaribu. Trola kadhaa zilifika huko juu na kugeuka. Mabomu machache yalinaswa. Trola Manx Hero ikagonga bomu, ikazama. Nyingine mbili zikapigwa na mizinga. Kwenye ghasia hizo, baadhi ya trola hazikushusha tiara zao kabisa, kwa hivyo waya wao ulikuwa unapita juu ya mabomu bila kuyagusa. Usiku uliofuata walipoanza kupigwa risasi waligeuka wakarudi.

Hapo ndipo lile neno lilipozaliwa.

Walichosema wavuvi, na walichosema wakubwa

Wavuvi walijieleza. Kulingana na walivyonukuliwa na maafisa wenyewe, walisema hivi: kulipuliwa na bomu hatuogopi, hiyo tulijua ndiyo kazi tulipoandikishwa. Lakini hatukuandikishwa kufagia huku tunapigwa mizinga.

Watu wengi wakisoma hapo wanacheka, wanaona ni kisingizio. Mimi naona ni watu wanaosoma mkataba wao. Fundi wa mjengo akikubali kupanda orofa ya kumi, amekubali hatari ya orofa ya kumi. Hajakubali upande na huku chini unatoa ngazi. Mfagiaji wa mabomu huishi kwa utulivu: anashika mstari wake, anapima umbali wake na mwenzake, anachunga waya. Hayo yote yanahitaji muda na mkono usiotikisika. Mizinga ilikuwa inawanyima hasa vile vitu viwili.

Wakubwa walisema nini? Mkuu wa wafanyakazi wa admirali alikuwa Roger Keyes. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba aliwaambia maafisa wa zile trola hajali hata zikizama zote saba zilizokuwa zikienda usiku huo, kwa sababu kuna nyingine 28, na mabomu lazima yaondolewe. Churchill naye, akiwa London, alimtumia Admirali Carden telegramu ya kumwambia haelewi kwa nini kufagia kusimamishwe na mizinga ambayo haijaua watu, na kwamba majeruhi mia mbili au mia tatu ingekuwa bei ya wastani.

Bei ya wastani. Wasee, mtu anayeongea hivyo anaongea juu ya baba za watu wa Grimsby kama anayepanga bajeti ya sherehe. Na sikatai kwamba vita vina gharama. Ninachouliza ni hiki: hiyo gharama ingenunua nini? Maana kama kifaa hakiwezi kufanya kazi, kuongeza watu wa kufa nacho hakukifanyi kiweze.

Jaribio lililotoa jibu

Tuko na bahati kwamba historia ilifanya jaribio lenyewe, kama la maabara.

Wakubwa walipoona shida ni moyo wa wavuvi, walifanya kile ambacho wangeshauriwa na kila mtu anayeamini shida ni moyo. Waliweka watu wa jeshi. Usiku wa tarehe 13 Machi, maafisa na mabaharia wa kujitolea kutoka manowari walipanda zile trola. Watu wa nidhamu, waliofunzwa kukaa chini ya mizinga, na kila mmoja alikuwa amejitolea. Meli ile ile, mkondo ule ule, mizinga ile ile. Kitu kimoja tu ndicho kilichobadilika, nacho ni moyo.

Ilikuwaje? Waturuki waliwangoja mpaka wakawa katikati ya mabomu, wakawasha taa zote, wakafungua mizinga. Manowari Amethyst iliyokuja kuwasindikiza ilipigwa vibaya, zaidi ya watu 20 wakafa. Trola zikakazana mbele hivyo hivyo. Walipofika mahali pa kuanza kufagia, wakakuta winchi na nyaya zimevunjwavunjwa na makombora. Chache sana ndizo zilizoweza hata kushusha vifaa. Mabomu yaliyoondolewa hayakutosha kufungua njia.

Hiyo ndiyo hukumu kwangu. Mashujaa wa kujitolea waliingia kwenye meli za "waoga" na wakatoka na matokeo ya waoga. Unaweza kulaumu mtu kwa matokeo ambayo hata shujaa angeyapata? Mimi siwezi.

Na kama bado una shaka, angalia kilichofuata. Tarehe 18 Machi, Waingereza na Wafaransa wakaingia mchana na manowari kubwa zaidi ya kumi na tano, mabomu bado yapo. Siku kumi kabla, alfajiri ya tarehe 8, kameli kadogo ka Waturuki kanaitwa Nusret kalikuwa kamejipenyeza na kutega mabomu 26 kwenye ghuba ya pembeni ambayo manowari zilizoea kugeukia. Hata ndege za upelelezi hazikuuona huo mstari. Manowari ya Ufaransa Bouvet ililipuka na kuzama ndani ya dakika chache, na zaidi ya watu 600 wakafa. Irresistible na Ocean za Waingereza zikafuata. Inflexible ikatobolewa vibaya. Trola zilitumwa mchana kweupe katikati ya hiyo vurugu, zikapigwa, zikarudi.

Baada ya hapo ndipo Keyes akaanza kazi ambayo ingepaswa kufanywa mwanzo. Wavuvi wengi wakarudishwa kwao, mabaharia wa jeshi wakachukua nafasi, na zile manowari ndogo za kasi zikafungwa vifaa vya kufagia. Hizo zingeweza kupanda mkondo kwa mwendo wa maana. Ukibadilisha chombo, umekiri shida ilikuwa chombo. Hakuna ripoti inayoweza kuficha hilo.

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Admirali mpya, de Robeck, hakutaka tena kujaribu kwa manowari peke yake. Jeshi la nchi kavu likaitwa, na tarehe 25 Aprili 1915 likashuka Gallipoli. Lilitoka hapo Januari 1916 bila kushinda, na zaidi ya watu 100,000 wa pande zote wakiwa wamekufa.

Kuna upande mwingine, na ni haki niuseme. Zile tiara ambazo hazikushushwa usiku wa tarehe 10 hazikuwa kosa la admirali, lilikuwa la waliokuwa kwenye sitaha. Woga ulikuwepo. Ila woga kuwepo na woga kuwa ndio sababu ni vitu viwili. Na wale wale, au ndugu zao wa bandari zile zile, walikuwa wakipasuliwa nje ya Scarborough miezi mitatu nyuma na hawakukimbia. Mtu hageuki mwoga kwa kubadilisha bahari. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa.

Hii si mbali na sisi

Unaweza kusema, hiyo ni ya Wazungu na Waturuki, inatuhusu nini. Mwaka huo huo 1915, manowari ya Ujerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, Tanzania ya leo. Julai, Waingereza walipoingia mtoni na meli za mizinga Severn na Mersey kuimaliza, walikuja na meli ndogo za kuvua nyangumi zilizofungwa silaha, zikiwemo Echo na Fly. Mbinu ilikuwa ile ile: chukua chombo cha uvuvi, kipake rangi, kitangulize kwenye mto wenye mizinga.

Na nchi kavu, vita hivyo hivyo vilibebwa kichwani na vijana wa Afrika Mashariki. Jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na ulimi wa mtaa ukaligeuza kuwa Kariokor, ndiyo Kariokor ya Nairobi unayopita ukienda kutafuta kiondo au nyama choma. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Kwenye zile sanamu tatu za Kenyatta Avenue, mmoja ni mpagazi. Angalau huyo alipata sanamu.

Nayaweka haya pamoja kwa sababu mpango ni mmoja. Mkubwa ana ramani nzuri. Ramani inahitaji kazi moja chafu ifanywe kwanza, na hiyo kazi anapewa mtu wa chini kabisa na chombo cha bei rahisi kabisa. Ikifaulu, ni mkakati wa mkubwa. Ikigoma, ni tabia ya mtu wa chini.

Nani aliinuka, nani alibaki

Churchill alipoteza wizara yake Mei 1915, na hilo lilimuuma, lakini mnasoma mlivyosoma: 1940 akawa waziri mkuu. Keyes alipanda mpaka akawa admirali kamili, na 1943 akapewa ubwana, Baron Keyes. Wavuvi walirudi kwenye samaki, au kwenye mabomu mengine, maana vita vilikuwa bado na miaka mitatu.

Na ajabu ni kwamba dawa ilitoka kwao. Mwishoni mwa vita hivyo, ndani ya trola moja iliyoitwa Oropesa, ilitengenezwa njia mpya ya kufagia ambapo meli moja inatosha, waya ukishikiliwa upande mmoja na boya na mbao za kutanua, wazo la moja kwa moja kutoka kwenye mbao zinazotanua mdomo wa wavu wa trola. Majeshi ya majini yakaiita kwa jina la hiyo meli. Yaani ilipofika wakati wa kutatua shida kwa kweli, walirudi kwa elimu ya mvuvi, si kwa kelele za mkubwa.

Vita vya pili vilipokuja wakaitwa tena. Makao yao yalikuwa Lowestoft, kwenye bustani ya starehe iliyogeuzwa kambi. Leo hapo kuna mnara wenye majina 2,385 ya watu wa kikosi hicho ambao kaburi lao ni bahari. Na Mombasa nayo ilipata kipande cha hiyo familia: mwaka 1946 Rosalind, meli ya kivita iliyojengwa kwa umbo la trola, iliachiwa kikosi cha majini cha huku kwetu.

Kwa hivyo hiki ndicho ninachotaka ubaki nacho. Siku yoyote ukisoma, iwe ni historia au ni habari za jana, kwamba kazi fulani ilikwama kwa sababu vijana wa chini walikuwa wavivu, waoga au hawakujituma, usikubali haraka. Uliza maswali matatu. Walipewa chombo gani? Chombo hicho kingeweza kufanya hiyo kazi mikononi mwa mtu mwingine yeyote? Na aliyeandika ripoti, yeye siku hiyo alikuwa amesimama wapi?

Dardanelles, majibu ni haya: meli ya samaki, hapana, na si kwenye trola.